Mfuko Wenye Ndevu

Inspekta Munyi alifika Meru na vumbi la Embu lote mgongoni, na mtu wa kwanza kumwona kituoni alikuwa mtu ambaye hakutaka kumwona. Bwana Pelham, afisa wa mambo ya fedha aliyetumwa kutoka Nairobi, alikuwa amekalia kiti cha mkuu wa kituo kana kwamba alizaliwa nacho. Mbele yake mezani kulikuwa na mfuko wa ngozi ya mbuzi, manyoya yake meusi yakiwa bado yameng'ang'ania nje, umefungwa kamba mdomoni.

"Wewe nachelewa," alisema Pelham.

"Daraja la Thuci lilikuwa na msako, bwana."

"Hapana taka habari ya daraja. Angalia hii."

Akafungua kamba, akaumwaga mfuko. Riyali za fedha, zile kubwa zenye sura ya mwanamke mnene aliyevaa ushungi, zikatawanyika mezani kwa kelele. Konstebo Mutugi, aliyeendesha gari kutoka Embu, akachungulia kutoka mlangoni, kisha akakumbuka adabu na kurudi nyuma.

Munyi aliijua sheria iliyozileta riyali zile mezani, kwa kuwa alilazimishwa kuisoma. Waingereza walishinda vita vya Hitler, kisha wakajikuta wameshinda huku mifuko imetoboka. Wakatunga amri huko London: asiwepo mtu katika nchi zao zote atakayeshika fedha ya kigeni bila ruhusa, iwe dola, iwe dhahabu, iwe riyali ya Uhabeshi. Kila kitu kipelekwe benki. Amri ikavuka bahari, ikapanda mlima, ikamkuta Saad bin Jumaa akikata nyama Majengo ya Meru. Lakini sheria hiyo peke yake ingemtoza Saad faini, au miezi michache ya kulima barabara. Kilichomtafutia kamba ni Hali ya Hatari, iliyomnyonga yeyote aliyewasaidia Mau Mau wa msituni.

"Hii natoka wapi?" Pelham aliuliza, akajijibu. "Natoka chini ya gogo ya kukata nyama, duka ya Saad. Na hii moja," akainua riyali iliyowekwa pembeni, "natoka mfuko ya mtu ya msitu. Yeye nakufa karibu na Kiirua. Namna moja, alama moja. Saad napeleka fedha msituni, ile watu nanunua bunduki kaskazini. Jumatatu korti. Wewe andika, weka sahihi, rudi Embu."

Munyi aliokota riyali moja, akaigeuza dirishani. Juu ya kichwa cha yule mwanamke, ukingoni, palikuwa na kovu la tupa. Akaokota nyingine, nayo ilikuwa na kovu pale pale. Alizipitia zote, na Pelham akawa anapiga meza kwa vidole.

"Ile alama ya Mau Mau," Pelham alisema. "Siri yao."

"Nani aliupata mfuko, bwana?"

"Koplo Mithika. Ile ya kizuizi ya Kiirua."

"Na maiti yenye riyali, nani aliipekua?"

"Mithika."

"Koplo huyu ana bahati sana."

"Yeye askari muzuri!" Pelham alifoka. "Sikia, Inspekta. London nauliza: hii sheria ya fedha nasaidia, ao hapana saidia? Miaka yote hii, matokeo yake nini? Mimi nataandika ripoti. Nataandika: nasaidia. Nafunga njia ya silaha. Hii," akaupiga mfuko kofi, "ndiyo matokeo."

Munyi hakugusa kalamu. Alikuwa mtu asiyependa kupewa kalamu kabla ya kupewa kazi, na tabia hiyo ilikuwa imemnyima cheo mara nyingi. Alitia riyali moja mfukoni mwake, akaomba ufunguo wa selo.

Selo ilikuwa na giza zito, mwanga ukipita mlangoni tu, na ilinuka choo. Saad hakusimama. Alikuwa mtu mpana, shati limechanika begani, na midomo yake ilikuwa na damu iliyokauka.

"Wewe ndiye Saad?"

"Kama umetumwa kupiga, piga. Waliokutangulia hawakuuliza jina."

"Mimi ni Inspekta Munyi, kutoka Embu. Nauliza maswali tu."

"Wale wa jana pia walianza hivyo."

Munyi alichuchumaa, akaitia ile riyali kiganjani mwa Saad. Dole gumba la mchinjaji likazunguka ukingo gizani, likasimama penye kovu.

"Hii imekatwa sikio," Saad alisema.

"Sikio gani?"

"Kile kipete cha kuvalia. Mtu anapotaka kuitia shingoni anaipeleka kwa sonara, anaibandikia sikio kwa lehemu. Huyu amelikata kwa tupa." Akaitupa sakafuni. "Hununui hata kwato kwa hii. Mborana anaigeuza, anaona kovu, anakurudishia. Anataka nzima."

"Kwa hivyo unanunua ng'ombe kwa riyali."

Saad alijifuta damu mdomoni. Kisha akacheka bila furaha. "Umenikamata. Ndiyo, nilinunua. Mtu anashuka na ng'ombe kutoka mpakani, hataki karatasi zenu, na watu wa Meru wanataka nyama. Nifanye nini, nimlipe kwa salamu? Nifunge kwa hilo, bwana Inspekta, sitalia. Lakini za kwangu ziliisha kabla ya mfungo, na hazikuwa na kovu. Usininyonge kwa riyali nisizoweza kununulia mkia."

"Nani anakuchukia Majengo?"

"Muulize Kasim. Mimi ndiye ninayeuza nyama kwenye kambi ya askari, yeye anauzia nzi."

Munyi aliondoka akiwa na jina, na jina lile lilimpendeza kupita kiasi. Wachinjaji wawili, mlango kwa mlango, mteja mmoja mkubwa: hata kuruti wa wiki ya kwanza angelitaja. Ndiyo sababu alikwenda mbio, akitumaini kwamba kwa mara moja maisha yangekuwa mepesi.

Kasim alikuwa akinoa kisu na hakuacha kunoa. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya kufuma, na macho yake yalimpima Munyi kutoka viatu hadi kofia.

"Ijumaa, mfuko ulipopatikana, ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Bega langu na bega la Saad yamegusana."

"Wewe na adui yako?"

"Safu haichagui, afande. Simpendi Saad. Ameninyang'anya tenda na ananicheka mbele ya wateja. Siku akifa nitamzika, maana ni wajibu, halafu nitachukua tenda yangu. Lakini wakati wa sala hata paka hakuwa amebaki sokoni. Maduka yote yalifungwa."

"Mliporudi mlimkuta nani?"

Kisu kikasimama. "Tulimkuta Koplo Mithika na watu wake ndani ya duka, wamevunja kufuli. Nikasimama nikatazama, kwa sababu nilifurahi, sikufichi. Lakini furaha yangu haikukaa. Nimepekuliwa na serikali mimi mara nyingi. Wanamwaga unga, wanapasua godoro. Huyu hakugusa kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gogo, akalisukuma kwa mguu, akainama, akatoka na mfuko kwapani, akaelekea boma. Mimi hata sikuuona vizuri."

"Mithika ana ugomvi na Saad?"

"Saad alikwenda boma kumshtaki. Mimi nilimwonya: mwenye nguvu mpishe. Hakunisikia, yeye anajiona mwanasheria."

"Alimshtaki kwa nini?"

"Kwa yaliyotokea kizuizini Kiirua. Kamuulize mkewe, afande. Mimi si msemaji wa shanga za wanawake." Na kisu kikaanza tena kupita juu ya jiwe.

Pelham alikuwa amekwenda kula. Munyi aliingia ofisini, akaukusanya mfuko na riyali zake, akautia chini ya koti kama mwizi wa kuku. Karani akamwona. "Hiyo ni ushahidi, Inspekta," akalia.

"Nami ni mpelelezi," Munyi alijibu, akapita.

Hidaya, mkewe Saad, alimfungulia mlango upana wa kiganja. Alikuwa mwanamke mrefu, mtandio umefungwa kwa haraka, na nyuma yake bintiye mdogo Rahema alikuwa akilia chumbani.

"Mumeo yuko kwenye hatari ya kunyongwa, mama. Nataka uniambie ukweli."

"Niliusema. Nilipigwa kofi."

"Na nani?"

"Na mtu mwenye kofia kama yako."

Munyi akavua kofia. Haikusaidia chochote. Akautoa mfuko chini ya koti na kuunyosha kuelekea mlangoni. "Ushike, uutazame vizuri. Umewahi kuuona nyumbani au dukani?"

Hidaya aliruka nyuma, akajifunika pua kwa mtandio. "Toa kibudu hicho mlangoni kwangu!"

"Kibudu?"

"Mzoga! Mnyama aliyekufa bila kisu! Ndiyo mnasema mume wangu ameweka hicho chini ya gogo la nyama? Gogo ambalo watu wa msikiti mzima wanakula kutoka kwake?"

"Umejuaje kwamba hakuchinjwa?"

"Wewe huna macho? Tazama mdomo wa mfuko. Hizo ni ndevu za nini?"

Munyi alitazama. Mfuko ulikuwa ngozi nzima ya beberu mdogo, miguu imefungwa mafundo, shingo ndiyo mdomo. Na pale penye kamba, chini ya vidole vyake, palikuwa na kishungi cha ndevu. Ndevu za kidevu. Aliipapasa ngozi kutoka kidevuni kushuka kooni hadi kifuani, ndani na nje, akitafuta mahali ambapo kisu kilipita. Hapakuwa na mahali. Mbuzi akichinjwa kwa dini ya Saad, kisu hupita chini ya taya, na ngozi huishia pale. Ndevu hubaki na kichwa. Huyu koo lake lilikuwa zima kama siku aliyozaliwa.

Aibu ilimpanda Munyi hadi masikioni. Babu yake kule Embu alikuwa na mfuko kama ule ukutani. Kila mbuzi wa matambiko alizibwa pumzi, wazee wamemkalia, ili damu isipotee. Munyi mwenyewe aliwahi kushika miguu ya nyuma. Alikuwa ameutazama mfuko wa Saad asubuhi nzima na kuona mfuko tu, kwa sababu kwao mfuko huwa hivyo. Na aliyeuficha chini ya gogo alikuwa ameona vile vile. Mtu wa mlimani, kama yeye, aliyelelewa na wazee wale wale.

"Saad hangeugusa," alisema polepole.

"Angeuchoma, na gogo pia. Ndiyo imekuingia sasa?"

"Imeniingia, mama. Naomba kanga kuukuu, nitandike hapa."

Aliletewa kwa hasira, ikatupwa miguuni pake. Munyi akamwaga riyali juu ya kanga, akauficha mfuko nyuma yake. Hidaya akainama. Mkono wake ukaanza kuchagua bila kuombwa. Ukaacha hii, ukachukua ile, ukatenga fungu dogo upande.

"Hizi ni zangu," alisema, na sauti yake ikapasuka. "Mahari yangu hii. Baba Rahema alinivisha mwenyewe mbele ya mashahidi."

"Riyali zote zinafanana."

"Sonara aliyetia masikio haya alikuwa mlevi, Mungu amsamehe. Alitumia lehemu ya risasi badala ya fedha. Tazama kovu: hizo nyingine ni nyeupe, hizi zina weusi. Nilimtukana mpaka akahama Isiolo."

Kweli, makovu ya fungu lile yalikuwa meusi. Munyi akafuata uzi aliopewa. "Zilitokaje kwako?"

"Nilitoka Isiolo kumzika mama yangu. Kizuizini Kiirua Koplo Mithika akaninyooshea mkono shingoni. 'Hii ni fedha ya kigeni, Malkia amekataza.' Akakata uzi kwa kisu. Kulikuwa na wake wa Waborana pale, wanalia, shingo tupu. Nikasema nipe hati, kama ni sheria. Akasema hati yangu ni kwamba bado niko hai."

"Na mumeo akaenda boma."

"Siku ya pili yake. Ijumaa iliyofuata wakamchukua."

Basi ilikuwa hivyo. Mithika alikuwa amekusanya shanga za wanawake kwa jina la sheria ya London, akazikata masikio ili zirudi kuwa fedha ya sokoni, halafu sokoni zikakataliwa. Mali isiyouzika ilikuwa imemwozea mkononi, mpaka alipopata namna ya kununua nayo kitu kimoja: kimya cha Saad. Riyali moja kwa maiti, nyingine chini ya gogo.

"Nitaandika maelezo yako," Munyi alisema. "Utatia kidole. Utasema riyali hizi ni zako, na nani alizichukua."

Hidaya akamtazama usoni. "Nikisema ni zangu, itakuwaje?"

"Mumeo hatanyongwa."

"Sikukuuliza habari ya mume wangu. Nimeuliza mimi."

Munyi aliangalia paa la jirani. Alijua vizuri kifungu kile. "Sheria inamshika aliyekuwa nazo bila ruhusa," alisema. "Labda hawatajali."

"Labda." Aliirudia kama mtu aliyeonjeshwa nyama mbovu. "Andika upesi, kabla sijaogopa."

Kizuizi cha Kiirua kilikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili, na nyuma yake kibanda cha askari kilichozungukwa na vijiti vyenye ncha. Homgadi, wanamgambo wa serikali, walikuwa wamekaa kwenye nyasi na mikuki yao. Hakuna aliyesimama kumpokea Inspekta. Mmoja alitema mate, si mbali sana na kiatu.

Koplo Mithika alitoka akikausha mikono kwenye suruali. Alikuwa mzaliwa wa Muthara, mtu wa tumbo na kicheko.

"Muga, Inspekta! Karibu. Hiyo kazi imekwisha ama?"

"Imebaki kidogo. Konstebo Mutugi ataandika. Korti itataka kujua mfuko ni wa Saad kweli."

"Ni yake kabisa."

"Wewe uliuona kwake kabla ya Ijumaa?"

"Mara mingi. Huyo mtu anabeba hiyo mfuko kila saa. Mimi naweza kuapa."

"Aliununua wapi?"

"Kununua? Kazi yake si ni ngozi? Alitengeneza yeye mwenyewe."

"Na mbuzi alimchinja nani?"

"Nani mwingine? Hao Waislamu hawakubali mbuzi ya mtu mwingine. Alichinja na kisu yake." Mithika akacheka. "Inspekta, unauliza maneno ya watoto."

"Umeandika, Mutugi?"

"Nimeandika, afande."

"Msomee."

Mutugi akasoma. Mithika akatikisa kichwa kukubali kila neno, akatia sahihi kwa mbwembwe. Hapo Munyi akamkabidhi mfuko.

"Sasa nionyeshe kisu kilipopita."

"Nini?"

"Amechinjwa. Nionyeshe koo lilipokatwa."

Mithika aliugeuza mfuko. Kidole chake kinene kikashuka kifuani, kikapanda kooni, kikafika kwenye ndevu na kukwama hapo. Akaanza tena upya, safari hii taratibu. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Homgadi mzee aliyekuwa karibu alinyoosha shingo, akatazama, akaelewa kabla ya koplo wake, akainuka na kwenda kukaa mbali.

"Labda alipata mahali," Mithika alisema. "Labda alinunua."

"Umeapa kwamba alichinja."

"Mimi nilikosea hiyo."

"Hata mimi nilikosea, Koplo. Nimeubeba mfuko huu kutwa sikuona kitu. Wewe na mimi tumelelewa na wazee wa aina moja, wanaoziba mbuzi pumzi. Mfuko huu umetoka kwa watu wetu. Haujawahi kulala kwa Mwislamu hata usiku mmoja."

Mkono wa Mithika ulikwenda mlangoni, mahali ambapo bunduki yake ilikuwa imeegemezwa. Bunduki haikuwepo. Mutugi alikuwa ameikalia.

Walipekua kibanda. Chini ya kitanda, ndani ya mkebe wa tumbaku, walikuta tupa moja na masikio ya riyali yamejaa, vipete vidogo vya fedha, vingine vikiwa bado na uzi. Baadhi vilikuwa na weusi wa risasi. Homgadi walitazama mkebe ule kwa chuki, na Munyi hakuweza kusema kama walimchukia mwizi au walimchukia yeye kwa kuwaonyesha mwizi.

Alipofungwa pingu, Mithika aliinama hadi pumzi yake ikamfikia Munyi usoni. "Sheria ilisema chukua fedha ya kigeni. Mimi nilichukua. Sasa wewe utashtaki nani, mimi ama hiyo sheria?"

"Wewe," Munyi alisema. "Sheria haina shingo."

Lilikuwa jibu zuri, na alilipenda njia nzima hadi Meru. Lilimtosha maili zote zile, mpaka alipoingia ofisini.

Bwana Pelham alisoma maelezo yote akiwa amesimama. Aliusoma ukurasa wa Mithika, akautazama mfuko, akavuta ndevu za mbuzi kwa ncha ya kalamu. Hakuwa mjinga. Munyi aliona wazi jinsi kesi yake nzuri ilivyomfia mikononi, na akafurahi, tena akafurahi bila haya.

"Ile Saad nakwenda nyumbani," Pelham alisema mwishowe. "Hapana korti."

"Na koplo, bwana?"

"Ile maneno ya askari. Bwana mkubwa yake nataangalia. Saa ya vita hapana vizuri sema mbaya ya askari." Akaugeuza ukurasa wa mwisho, akausoma mara ya pili, na uso wake ukaanza kupona. "Lakini hii muzuri. Hii mwanamke nasema hizi riyali yake?"

"Ni mahari yake, bwana. Aliibiwa."

"Hapana uliza kama naibiwa. Nauliza: yeye nakuwa nazo? Na yeye naweka kidole hapa?"

"Bwana, bila maneno yake mtu angenyongwa bure."

"Ndiyo. Nashukuru yeye." Pelham alikuwa tayari ameketi na kuanza kuandika. "Fedha ya kigeni nafichwa shingo ya wanawake. Kizuizi napata. Serikali nachukua yote. Unaona, Inspekta? Sheria nafanya kazi hata mahali sisi hapana jua. Konstebo! Leta ile mwanamke ya Majengo."

Munyi alisema mengi hapo. Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kiingereza, akapandisha sauti mpaka karani akafunga dirisha. Pelham aliandika tu, akiinua mkono wa kushoto mara moja moja kama mtu anayefukuza nzi.

Habari zilikuwa zimefika Majengo kabla ya jua kushuka mlimani. Saad alipotolewa, uwanja wa kituo ulikuwa umejaa: watu wa msikiti, wauza mboga, na Kasim mbele yao akiwa amebeba shati safi kwa ajili ya mtu asiyempenda. Saad alishuka ngazi akipepesa macho. Alitazama nyuso moja baada ya nyingine, akitafuta moja, na aliipata getini, kati ya askari wawili, ikiingia.

"Mama Rahema?"

"Nenda nyumbani," Hidaya alisema. "Mtoto yuko kwa Mwanakombo. Hajala."

"Wanakupeleka wapi?"

Hidaya alivuta mtandio kichwani. Askari wakampitisha. Saad aligeuka, akamwona Munyi juu ya ngazi, na Munyi akajikuta anasema ukweli, maana hakuwa na kitu kingine cha kusema. "Alikiri riyali ni zake. Ndivyo ulivyotoka."

Saad alipanda ngazi zile akamshika Inspekta koti kwa mikono miwili. Mutugi alisogea; Munyi akamzuia.

"Rudi ndani uandike upya," Saad alisema. "Mfuko ni wangu."

"Saad, usifanye hivyo."

"Ni wangu! Riyali zote ni zangu, za msituni na za wapi. Yeye hajui lolote. Andika!"

"Mfuko ule ni kibudu. Kila mtu anajua huwezi kuugusa."

"Nilimnyonga mimi." Alipaza sauti, akawageukia watu wa Majengo, watu waliokula kwa mkono wake siku zote. "Mmesikia? Mbuzi yule nilimziba pumzi kwa mikono hii, nikamchuna, na nyama yake nikawauzia nyinyi. Semeni mmesikia! Kasim, wewe unanichukia, sema umesikia!"

Mwanamke mmoja alishika kinywa. Kasim alikuwa ameinamisha kichwa, shati limekunjamana mikononi mwake. Kila mtu uwanjani alijua kwamba Saad anadanganya, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Aliyejibu ni Bwana Pelham, aliyetoka na kofia yake kichwani, akafunga mlango kwa ufunguo, na kumwambia Saad kwamba ofisi imefungwa, arudi Jumatatu.